Mwezi Unaoitwa Mchungaji

Maandiko ya kusoma nyumbani: Ezekieli 34:1-16, Yohana 10:11-13, Mwanzo 50:15-21

Juma hili naomba mnivumilie, kwa sababu nitaanza mbali. Nitaanza na Zohali, ile sayari yenye pete, ambayo wengi wetu tuliikariri darasani pamoja na Mirihi na Mshtarii, tukaisahau mara tu mtihani ulipoisha. Kuna neno moja linalotumika huko juu ambalo limenisumbua kwa muda sasa, na neno lenyewe ni jina la kazi yangu.

Pete za Zohali si kitu kimoja kigumu kama pete ya kidole. Ni vipande vya barafu visivyohesabika, vingine vidogo kama vumbi, vingine vikubwa kama nyumba, na kila kipande kinaizunguka sayari kwa njia yake. Nje kidogo ya zile pete kubwa, kama kilomita 3,400 kutoka ukingo wake, kuna pete nyembamba sana ambayo wanasayansi wanaiita pete F. Iligunduliwa mwaka wa 1979 na chombo cha Marekani kinachoitwa Pioneer 11. Mwaka uliofuata chombo kingine, Voyager 1, kikafika pale kikapiga picha, na katika picha hizo ikaonekana miezi miwili midogo: mmoja upande wa ndani wa ile pete, mwingine upande wa nje. Wa ndani ukaitwa Prometheus, wa nje ukaitwa Pandora.

Ukisikia mwezi, usifikirie huu wetu wa mviringo unaotoka juu ya mabati jioni. Prometheus umekaa kama kiazi kitamu. Urefu wake ni kama kilomita 136, upana 79, unene 59. Yaani uulaze ukianzia Nairobi, na kichwa chake hakitafika Nakuru. Umejaa mashimo, na ndani yake ni barafu yenye nafasi nyingi, kwa hivyo ni mwepesi ajabu: hata nusu ya uzito wa maji ya ukubwa uo huo haufikishi. Ungepata bahari ya kuutosha, ungeelea.

Sasa lile neno. Wataalamu waliipa miezi ya aina hii jina la miezi wachungaji. Kwa Kiingereza walichukua neno la mtu anayechunga kondoo, na kwao hilo ni neno tofauti na lile la mtu anayehubiri Jumapili. Kwetu hakuna tofauti. Yule kijana anayechunga mbuzi kule Kajiado na mimi ninayesimama madhabahuni na maikrofoni, jina letu ni moja. Kwa hivyo niliposoma habari za miezi wachungaji sikuweza kuzisoma kama habari za kawaida za sayansi. Ilikuwa kama kusikia jina lako likiitwa kwenye ofisi ambayo hujawahi kuingia. Unageuka kwanza, ndio uulize.

Na swali nililogeuka nalo ni hili: kitu kinastahili kuitwa mchungaji kwa sababu tu kundi halijatawanyika?

Hebu tuone kwanza kwa nini waliipa jina hilo, maana hawakuwa wanacheza. Pete nyembamba ni fumbo. Vipande vyake vinagongana kila wakati, na vikiachwa hivyo hivyo vitasambaa polepole mpaka pete iwe pana na hafifu, kisha isiwepo. Mwaka wa 1977 wataalamu walikuwa wamegundua kwamba sayari ya Uranusi nayo ina pete nyembamba, na hawakuelewa kwa nini hazijasambaa. Mwaka wa 1979 wanasayansi wawili, Peter Goldreich na Scott Tremaine, wakatoa maelezo. Walisema labda kuna miezi midogo pande zote mbili za pete, na ndiyo inayoibana ikae mahali pake.

Inafanya kazi namna hii. Kinachozunguka karibu na sayari kinaenda kwa kasi kuliko kilicho mbali. Prometheus, ulio ndani, unamaliza mzunguko mmoja kwa muda unaopungua saa 15 kidogo. Pandora, ulio nje, unatumia zaidi ya saa 15 kidogo. Pete iko katikati. Kwa hivyo mwezi wa ndani unavipita vile vipande ukivivuta, na matokeo ya kupitana huko ni kwamba vipande vinaongezewa mwendo na kusogea nje. Mwezi wa nje unapitwa na vipande, unavipunguzia mwendo, vinasogea ndani. Ajabu yake ni kwamba miezi yote miwili inavuta tu, hakuna unaosukuma, lakini mwisho wa hesabu inakuwa kama pete imesukumwa kutoka pande zote mbili. Uzio bila ukuta. Voyager 1 ilipopata miezi miwili pale pale pembeni mwa pete F, watu walifurahi, na nadhani hata mimi ningefurahi. Nadharia imetabiri, macho yameona. Jina likashika.

(Nicheke kidogo hapa. Kuna miezi mingine midogo ndani ya pete za Zohali, inayofagia mianya. Mmoja uliitwa Pan na mwingine Daphnis, na katika hadithi za Wayunani Pan ni mungu wa wachungaji, na Daphnis ni mchungaji. Lakini hii miwili iliyopewa kazi ya uchungaji ikapewa majina ya mwizi wa moto na mwanamke aliyefungua chombo cha mabaya. Sijui kama waliotoa majina walikuwa wameonja kitu.)

Baadaye kikaja chombo kinachoitwa Cassini. Kiliondoka duniani mwaka wa 1997, kikafika Zohali mwaka wa 2004, kikakaa huko miaka 13 mpaka tarehe 15 Septemba 2017 kilipoingizwa ndani ya sayari yenyewe kikaungua. Voyager ilikuwa mgeni wa kupita. Cassini ilikaa kama jirani, na jirani huona mambo ambayo mgeni haoni.

Iliona hivi. Njia ya Prometheus haijanyooka kama duara kamili. Kila mzunguko, unapofika mahali palipo mbali zaidi na Zohali, unakaribia ukingo wa ndani wa pete F. Hapo unanyofoa. Unavuta uzi mrefu wa vumbi na barafu kutoka kwenye pete, na unapoondoka panabaki mtaro mweusi. Mzunguko unaofuata, mtaro mwingine pembeni. Kisha mwingine. Kwenye picha unaona mitaro imepangwa mmoja baada ya mwingine kama alama za kucha kwenye ngozi. Na kila baada ya miaka kama 17 njia ya mwezi na njia ya pete zinaelekeana vibaya zaidi, na mwezi unasogea karibu kuliko kawaida.

Si kwamba hakukuwa na dalili mapema. Hata picha za Voyager zilionyesha nyuzi zimejipinda na kusokotana, na wataalamu walishangaa. Lakini ni ule ukaribu wa miaka mingi ndio uliofanya watu waanze kuuliza upya. Siku hizi watafiti wengi wanaona kwamba Pandora haisaidii sana kuibana ile pete, na kwamba Prometheus ndio msumbufu wake mkubwa kwa sababu ndio ulio karibu. Pete ipo, ndiyo. Ina kiini kinachodumu. Lakini yale maelezo mazuri ya wachungaji wawili waliosimama pande mbili hayatoshi tena kwa pete hii. Jina limebaki vitabuni. Kazi ndiyo inayotiliwa shaka.

Wapendwa, mimi nilisomea biashara chuo kikuu kabla ya kuitwa kwenye huduma, na sioni haya kusema napenda takwimu. Kanisa lisilohesabu watu halijui nani hayupo. Tena Ezekieli mwenyewe, anapowakemea wachungaji wa Israeli, analalamika kwamba kondoo wametawanyika juu ya milima. Kwa hivyo matokeo ni muhimu, na mtu asiniambie kwamba kuhesabu ni kukosa imani. Lakini soma ile sura polepole uangalie orodha yake. Anataja aliye dhaifu, aliye mgonjwa, aliyevunjika, aliyefukuzwa, aliyepotea. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeonekana ukitazama kundi zima kutoka mbali. Ukisimama kwenye kilima kile cha pili, kundi la kondoo mia ambalo watano wamevunjika miguu linaonekana kama kundi la kondoo mia.

Na ule mfano wa kondoo tisini na tisa, uupeleke kwa bosi yeyote mjini. Mwambie umebaki na asilimia 99 ya wateja wako. Utaandikiwa barua ya pongezi, na anayekuambia uwaache hao wote umfuate mmoja atatumwa likizo apumzike.

Kuna kanisa nililowahi kuhudumu, si hili, ambako kulikuwa na kiongozi wa vikundi vya nyumbani aliyesifiwa sana. Alichukua kikundi cha watu kumi na wawili, na baada ya miaka miwili vilikuwa vikundi vitano vimejaa. Alikuwa na moto, na nasema hivyo kwa heshima. Alikesha, alifunga, alijua Neno. Lakini alikuwa mkali. Mtu akichelewa anasemwa mbele ya wote. Mtu akishindwa kutoa mchango anatajwa, na jina linaingizwa katika maombi kwa namna ambayo kila mtu anaelewa. Walioondoka aliwaita waliopepetwa. Sisi wa kanisa la kiroho tuna maneno ya kufunika mambo, na hilo la kupepetwa ni mojawapo.

Nilitumwa kumtembelea mama mmoja kati ya hao waliopepetwa. Alikuwa anauza mboga na alikuwa amesemwa hadharani kuhusu fungu la kumi, mwezi ambao mtoto wake alikuwa amelazwa hospitalini. Alinikaribisha chai. Hakulia wala hakulaumu. Aliniuliza habari za watu wote wa kikundi, mmoja mmoja, kwa majina, na nani amejifungua na nani amepata kazi. Bado alikuwa anajua kesha ni Ijumaa ya ngapi. Hilo jambo lilikuwa na zaidi ya mwaka na nusu, na alikumbuka maneno yote aliyoambiwa kwa mpangilio wake. Nilipomuuliza yule kiongozi, alifikiri kwa dakika nzima ndipo akamkumbuka mama mwenyewe. Maneno hakuyakumbuka kabisa, na naamini hakuwa anadanganya.

Hapa ndipo Prometheus ulinifundisha jambo ambalo sikulipata kwenye masomo ya uongozi. Wanafunzi wa fizikia mtanisahihisha nikikosea kulisema, lakini kanuni yenyewe ni ya Newton na tuliifanya sekondari: ukivuta kitu, nacho kinakuvuta kwa nguvu ile ile. Punje ya barafu inapovutwa na mwezi, mwezi nao unavutwa na punje, sawasawa, bila upungufu. Kila mwendo ambao pete inaupata, mwezi umeupoteza. Kwa maana hiyo huwezi kusema mchungaji hagharamiki. Anagharamika. Lakini mwezi ni kilomita themanini na kitu ukipima wastani, na punje ni vumbi. Nguvu ni moja, ila ile nguvu inayomtupa mmoja nje ya njia yake kabisa, mwingine haihisi.

Kwa hivyo yule kiongozi aliposema, "Hata mimi niliumia, mchungaji, hata mimi nililala bila usingizi siku ile," nilimwamini. Huenda waliumia sawa siku hiyo. Tofauti ni ukubwa. Yeye alikuwa na vikundi vitano, madhabahu, wazee wanaompigia makofi, na Jumapili inayofuata ya kusimama tena. Mama alikuwa na kikundi kimoja. Mtu mwenye cheo akitumia maumivu yake kama ushahidi kwamba hakumwonea mdogo, anatumia mizani ambayo upande mmoja una jiwe la shamba na upande mwingine una punje ya mtama.

Kuna jambo lingine kuhusu huo mwezi ambalo naona zito zaidi. Kwa sababu pete inaenda polepole kidogo kuliko Prometheus, mwezi ukirudi kwenye ile sehemu yake ya karibu, haukuti tena vipande vile vile ulivyonyofoa. Unakuta vingine vilivyo pembeni yake. Inachukua zaidi ya siku 60 kabla haujakutana tena na vile vya kwanza, na wakati huo ule mtaro umeshapinda na kufifia. Kama mwezi ungekuwa na macho, ungeweza kuzunguka miaka elfu bila kuona kidonda kibichi ulichokifanya wenyewe. Mbele yake daima kuna pete nzima.

Mwezi hauna lawama, maana hauna moyo wala macho. Lakini mtu anayepanga huduma yake hivyo, akihama kutoka kikundi hadi kikundi, mkutano hadi mkutano, asirudi kamwe pale alipopita, huyo amejichagulia upofu ambao mwezi umezaliwa nao. Mkaripiaji wa namna hii mara nyingi anakuwa na dhamiri safi kabisa. Na watu wanaomtetea husema, moyo wake ni mzuri. Sawa. Yohana 10 inatofautisha mchungaji na mtu wa mshahara, na ukiangalia, tofauti haionekani siku za kawaida. Wote wawili wanatoka asubuhi, wote wanarudi jioni, hesabu ya kondoo ni ile ile. Inaonekana mbwa mwitu akija: mmoja anabaki, mwingine anakimbia kwa sababu kondoo si wake. Moyo mzuri usiorudi kuangalia ni vigumu sana kuutenganisha na kutojali, hasa ukiwa wewe ndiye uliyelala kwenye mtaro.

Najua jibu ambalo wengine mnalo tayari, kwa sababu nimelisikia mara nyingi kwenye vikao. Mungu hutumia hata hayo. Na ukweli ni kwamba hata huko Zohali kuna kitu kama hicho. Yale mavuruguko ya Prometheus hayabomoi tu. Yanasababisha vumbi lijikusanye mahali fulani liwe mabonge, mengine yakifika kama kilomita moja. Mwaka wa 2012 kundi la wataalamu wa Cassini, akiwemo Carl Murray wa chuo cha Queen Mary kule London, walieleza jinsi walivyopitia picha 20,000 wakapata mifano 500 ya mabonge hayo yakitoboa pete F na kuacha mkia unaometa. Tena yanatoboa kwa kasi ya mtu anayetembea kwa haraka tu, kama mtu anayewahi matatu. Kwa hivyo kutoka kwenye kunyofolewa kunazaliwa vitu vipya. Siwezi kukataa. Kuna watu katika kanisa hili hili ambao walivunjwa mahali pengine, na leo wao ndio wanaotushika mkono.

Lakini angalia Yusufu. Baba yao amekufa, ndugu zake wanaogopa, wanamjia. Ni Yusufu anayesema kwamba wao walikusudia mabaya na Mungu akayageuza kuwa mema. Anayesema ni yule aliyekuwa shimoni. Hebu fikiria neno hilo hilo likitoka kinywani mwa Yuda au Simeoni: ndugu yetu, unaona sasa, kama hatungekuuza ungekuwa wapi? Maneno ni karibu yale yale, na hata matokeo yanayotajwa ni ya kweli, njaa ilikuwepo na chakula kilikuwepo. Na bado yangekuwa maneno mabaya kabisa. Sijawahi kupata kanuni nzuri ya falsafa inayoeleza kwa nini ukweli mmoja unakuwa msamaha ukisemwa na huyu na unakuwa tusi ukisemwa na yule, lakini kila mtu aliyewahi kuuzwa analijua hilo bila kufundishwa. Mama wa mboga ana haki ya kusema Mungu alimtoa mahali pabaya akampeleka pazuri. Yule kiongozi hana. Na mimi nikiwa mchungaji nisimsaidie kulisema.

Mtu mmoja katika darasa letu la vijana aliniuliza swali ambalo naliweka hapa kwa sababu sikulijibu vizuri siku ile, muda ulikuwa umeisha. Alisema: kama Prometheus ukiondolewa, si huenda ile pete ikatawanyika kabisa? Afadhali mchungaji anayenyofoa kuliko kukosa mchungaji. Ni hoja yenye nguvu, na ndiyo inayowaweka viongozi wengi kwenye nafasi zao. Tukimtoa huyu, nani ataendesha?

Jibu langu ni kwamba swali hilo linachukulia kuwa njia ni mbili tu: mwezi pale pale ulipo, au hakuna mwezi. Mwezi hauwezi kujisogeza. Binadamu anaweza. Kwenye pete F shida ni ukaribu na ukubwa: Prometheus uko karibu mara mbili hivi kuliko Pandora, ndio maana mkono wake ni mzito. Kiongozi anaweza kupewa kikundi kidogo, au kupewa kazi isiyomweka juu ya watu, au kutakiwa kurudi nyumba kwa nyumba kabla hajaendelea. Hakuna mtu anayesema afukuzwe kazini kwa Mungu. Lakini hofu ya pete kusambaa imetumika sana kulinda kucha.

Na isitoshe, hata wachungaji wawili wanaosumbuana ni shida peke yake. Prometheus na Pandora hupitana kila baada ya siku 25 hivi, na kila wakipitana wanavutana kidogo. Wataalamu walipoitazama tena miezi hii kwa darubini ya Hubble miaka ya tisini, waliikuta imeachana na hesabu za Voyager kwa nyuzi kama 20, mmoja umechelewa na mwingine umetangulia. Ikabainika kwamba mienendo yao haiwezi kutabirika kwa miaka mingi mbele, kwa sababu ya ule mvutano wao wenyewe. Sitaendelea na hilo. Mmekaa kwenye kamati, mnajua.

Mwaka wa 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, walipendekeza, kwa kutumia hesabu za kompyuta, kwamba pete F na miezi yake miwili ilitokana na mgongano mmoja: vitu viligongana, viini vikabaki kuwa miezi, na kilichomwagika kikawa pete. Kama ni hivyo, mwezi na vumbi ni barafu moja. Mmoja ulibaki mzima, mwingine ukasagika, na si kwa sababu ya wema wa yeyote. Mimi napenda sana wazo hilo, hata kama siku moja litapatikana si sahihi.

Sasa mambo ya nyumbani. Mnajua fomu ya ripoti ya mwezi ambayo viongozi wa vikundi hujaza: waliohudhuria, wageni, waliookoka, sadaka. Mwezi uliopita nilipendekeza kwa wazee tuongeze safu mbili: walioacha kuja, kwa majina, na nani amewatembelea. Kikao kilikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Kisha mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akauliza: na kama anayejaza fomu ndiye aliyewafanya waache kuja? Tulikaa kimya kidogo. Hakuna safu ya fomu inayoweza kutatua hilo. Mwishowe akina mama wawili wa idara ya ziara walisema wao watachukua yale majina moja kwa moja, bila kupitia kwa kiongozi wa kikundi, na waanze na ya mwaka jana. Orodha ya kwanza ina majina kumi na saba. Wanaanza Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa miguu.